Mtama uliodumaa: ng'oa mmoja utazame mizizi

Mkulima wa magharibi mwa Kenya akitueleza kwamba mtama wake umedumaa ilhali alitia mbolea ya kupandia, sisi humwuliza kwanza kama ameng'oa mche mmoja akatazama mizizi. Ikiwa ni mifupi, imevimba nchani na haina vijimizizi, mmea huo utakosa fosforasi, kirutubisho cha mbolea hiyo, hata ukiongezewa mfuko mzima. Hauna cha kuifuatia.

Mara nyingi kinachoiua ni alumini, hiyohiyo ya masufuria. Imo katika kila udongo, na kwa kawaida imekaa ndani ya mawe na mfinyanzi bila kudhuru kitu. Asidi ikizidi, yaani pH, kipimo cha asidi, ikishuka hadi 5 au chini yake, huyeyuka katika maji ya udongo na kuharibu ncha za mizizi. DAP, mbolea ya kupandia, ikitiwa kila msimu nayo huongeza asidi polepole, jambo ambalo wakulima wengi hawajaambiwa, na wanastahili kuambiwa.

Lakini mbegu hazifanani. Kwenye maabara tunaotesha miche ya aina mbalimbali katika maji yaliyotiwa alumini kidogo, kisha tunaichovya mizizi katika rangi ya hematoksilini. Rangi hiyo hushika palipo na alumini. Ncha za mbegu dhaifu hutoka na zambarau iliyokolea. Za mbegu stahimilivu hubaki karibu nyeupe, ingawa zote zilikaa beseni moja.

Mwaka 2007 watafiti wa Brazil na Marekani walitangaza jeni inayohusika, SbMATE, katika kromosomu ya 3 ya mtama. Jeni hiyo hutengeneza mlango katika seli za ncha ya mzizi. Mlangoni hapo hutoka sitrati, iliyo jamaa ya ukali wa limau, ikaikamata alumini ingali nje. Mtama dhaifu nao una jeni hiyo, ila huitumia kidogo mno. Ngano hujikinga vivyo hivyo, ila kwa jeni nyingine, na hutoa malati badala ya sitrati.

Je, mbegu stahimilivu inatosha bila chokaa ya kilimo, inayopunguza asidi ya udongo? Hapana, pima udongo na utie chokaa. Ila chokaa hubaki pale jembe linapofika, na chini yake asidi iko palepale. Mzizi wenye sitrati ya kutosha hupenya hadi huko, na mvua zikikatika ndiko maji yaliko.