Ukanushi maradufu katika Kiingereza

Gari limeibwa usiku kwenye ploti moja hapa Nairobi. Soja wa lango anaandika kwenye kitabu cha OB, yaani cha kurekodi matukio: “I didn't see nobody.” Anachotaka kusema ni kwamba hakuona mtu. Lakini kwa Kiingereza sanifu, “didn't” imekanusha na “nobody” imekanusha tena, kwa hiyo wakili akimshika kwa maneno yake, soja alimwona mtu. Huo ndio ukanushi maradufu: kukanusha jambo lile lile mara mbili katika kishazi kimoja. Kanusha mara moja tu: “I didn't see anybody”, au “I saw nobody”.

Anayefuata Kiswahili chake angekuwa salama hapa. Sisi husema “sikuona mtu yeyote”. Kitenzi ndicho kinachokanushwa, “yeyote” haikanushi kitu, sawa na “anybody”. Tena tukisikia “hakuna asiyejua”, tunaelewa mara moja kwamba wote wanajua.

Kinachotuponza ni “wala”. “Sikula wala sikunywa” ni Kiswahili safi, vitenzi vyote viwili vimekanushwa. Ukiihamisha ilivyo, unapata “I didn't eat, neither did I not drink”, yaani hukula lakini ulikunywa! Andika “I neither ate nor drank”, au kwa wepesi zaidi, “I didn't eat or drink”.

Jihadhari pia na “hardly”, “scarcely” na “barely”. Hayana sura ya kukanusha, ila ukanushi umo ndani yake. Aliye kwenye matatu yenye muziki mkubwa aseme kwa simu “I can hardly hear you”, si “I can't hardly”.

Kiingereza chenyewe hakikuwa hivi tangu mwanzo. Mshairi Mwingereza Chaucer, katika karne ya 14, alirundika vikanushi ili kutia mkazo. Ni wanasarufi wa karne ya 18, Robert Lowth akiwemo, walioshikilia kwamba viwili hufutana. Hadi leo Wamarekani Weusi wengi na wakazi wengi wa London mashariki huvirundika, na wanaelewana vizuri; kuwaita hawajui lugha ni kuwaonea. Ila insha ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, na barua ya kuomba kazi husahihishwa kwa Kiingereza sanifu.

Kuna ukanushi maradufu unaoruhusiwa, ule wa makusudi. “It is not impossible” ni sahihi kabisa: jambo lawezekana, ingawa kwa shida.