Jina la faili chini ya kila karatasi: ninavyolipanga kwenye mtandao wa ofisi

Ofisi za mawakala wa forodha hapa Lubumbashi zinaishi kwa karatasi. Mteja anarudi kutoka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na barua ya mwaka jana mkononi, anataka ileile, ila namba ya lori ibadilishwe. Barua iko kwenye farde (jalada), lakini faili yake? Sekretari anazunguka meza kwa meza: "Mukubwa, hii barua iko ku mashini gani?" Hakuna anayekumbuka, kwa hiyo inaandikwa upya kuanzia tarehe hadi sahihi. Kazi hiyo ningeitoa kabisa ofisini kwa mstari mmoja mdogo chini ya ukurasa, wenye jina la faili. Sharti ni moja: mstari huo ujiandike wenyewe.

Nasema ujiandike kwa sababu ofisi nyingi tayari zinao, ila umeandikwa kwa mkono. Barua mpya karibu zote huzaliwa kutoka kwa barua ya zamani: mtu anafungua ya mteja mmoja, anabadilisha jina na kiasi, anahifadhi kwa jina jipya. Mstari wa chini hakuna anayeukumbuka. Barua inatoka ikiwa na jina la faili ya mteja mwingine, na anayeitafuta kesho atapelekwa kwenye dosie isiyo yake. Afadhali mstari usingekuwepo.

Kwenye Word, ambayo menyu zake hapa ni za Kifaransa, kinachotakiwa ni champ, yaani sehemu inayosoma jina la faili yenyewe. Bofya mara mbili pied de page (mguu wa ukurasa), nenda Insertion, QuickPart, Champ, kisha chagua FileName. Anayependa kibodi abonyeze Ctrl+F9, aandike FILENAME ndani ya mabano yanayotokea, halafu F9. Mabano hayo usiyachape kwa mkono, maana Word itayachukua kama maandishi ya kawaida na hakuna kitakachotokea. Ukiongeza \p baada ya FILENAME, unapata njia nzima ya faili pamoja na folda zake. Mimi huweka na SAVEDATE pembeni, kwa sababu karatasi mbili zenye jina lilelile zinaweza kutofautiana kwa aya nzima, na tarehe ya kuhifadhiwa ndiyo inayoonyesha ipi ilifuata.

Kitu kimoja huwatisha watu. Ukihifadhi faili kwa jina jipya, mstari wa chini unaweza kuendelea kuonyesha jina la zamani kwenye skrini. Haujaharibika. Word haisomi champ upya kila sekunde; ya chini ya ukurasa huisoma unapofungua faili upya au unapotazama onyesho la kuchapisha. Ili kulala vizuri, ingia Options, Affichage, uweke alama kwenye "Mettre à jour les champs avant l'impression", yaani champ zisomwe upya kabla ya kuchapisha. Na karatasi ikitoka na neno "Document1" chini, ujue mwenyewe amechapisha kabla ya kuhifadhi. Siyo kasoro hiyo. Naipenda, kwa sababu inamuumbua mhusika pale pale kwenye printa, umeme haujakatika bado.

Jina tupu au njia nzima? Wakubwa wa ofisi hupenda njia nzima, na kwa karatasi za ndani wana haki. Lakini Word huandika njia jinsi faili ilivyofunguliwa. Kama folda ya seva kwa mhasibu ni Z: na kwa sekretari ni S:, faili ileile itatoka na anwani mbili. Kwanza basi sawazisha herufi kwenye kompyuta zote, kwa mstari mmoja wa net use (amri ya Windows inayoipa folda ya seva herufi yake) unaojiendesha mtu anapoingia. Faili zinazokaa OneDrive zitatoa anwani ndefu ya intaneti ambayo haimsaidii mtu mwenye karatasi mkononi. Hizo ziachie jina tu.

Barua zinazotoka nje ni habari nyingine. Njia ya faili inasema mengi kuliko unavyodhani. Fikiria mteja anapokea barua ya heshima kabisa, "Cher partenaire", na chini kwa herufi ndogo imeandikwa S:\Clients\Mauvais payeurs\ ("walipaji wabaya") halafu jina lake. Kwa hiyo natengeneza violezo viwili, yaani hati za mfano ambazo barua mpya huanzia: cha ndani chenye njia nzima, na cha nje chenye jina la faili peke yake, kwa rangi ya kijivu na herufi za ukubwa wa 7.

Sasa usambazaji. Mafundi wengi hufungua Normal.dotm, kiolezo ambacho Word huanzia kila hati tupu, wanaweka champ humo, kisha wanainakili kwenye kila mashini. Mimi sikubaliani nao. Normal.dotm ni mali ya mtumiaji: humo mna mitindo yake na makro zake (programu ndogo zinazoendesha kazi ndani ya Word), na ukiifunika umemfutia vyote. Tena kila kitu kinachoanzia hapo kinabeba mstari wako, hata kazi ya shule ya mtoto wa bosi aliyekuja kuchapisha Jumamosi. Tengeneza violezo vya ofisi vyenyewe, vya aina ya .dotx, uviweke kwenye folda ya seva ambayo wafanyakazi wanaweza kusoma bila kuandika. Halafu kwenye Options avancées, chini kabisa, pana Emplacements des fichiers. Hapo ndipo unapoiambia Word violezo vya kikundi viko wapi.

Ingekuwa mji ambao umeme haukatiki, ningeishia hapo. Kila hati ya Word inakumbuka anwani ya kiolezo ilikotoka. Umeme ukikatika, seva ikazimika na laptopu zikabaki kwenye betri, mtu anafungua barua aliyoihifadhi kwenye mashini yake mwenyewe na Word inaganda. Inaitafuta seva ili ikione kiolezo, inasubiri, inasubiri tena, ndipo inakata tamaa na kufungua. Watumiaji husema kompyuta ina virusi. Dawa ni kutofungua violezo moja kwa moja kutoka seva. Seva ibaki ghala tu: kila mtu anapoingia, faili fupi ya amri, ya .bat, yenye robocopy (amri ya Windows ya kunakili folda) inavuta violezo vipya hadi folda moja, tuseme C:\Modeles, yenye jina lilelile kwenye mashini zote, na Word inaelekezwa huko. Seva ikiwa imezimika, robocopy inashindwa na kazi inaendelea kwa nakala ya jana. Penye domeni, yaani seva inayosimamia kompyuta zote na watumiaji wake, faili hiyo ya .bat na mahali pa violezo vyote hupangwa kwa Stratégie de groupe, kanuni ambazo seva hiyo huzituma kwa kila mashini. Ofisi ndogo isiyo na domeni, iweke kwenye folda ya Démarrage ya kila mashini, ambayo vilivyomo hujiendesha mtu anapoingia.

Excel ina njia yake. Kwenye Mise en page unaweka &[Fichier], ukitaka na folda unatanguliza &[Chemin d'accès], na inajisahihisha yenyewe kila unapochapisha. Tatizo ni kwamba kila feuille (laha) ina mguu wake, kwa hiyo chagua feuille zote kwanza. Wanaotumia LibreOffice wana bahati: Insertion, Champ, Autres champs, Nom de fichier, kisha unahifadhi kama kiolezo cha msingi na imekwisha.

Zinabaki hati za zamani, ambazo kiolezo kipya hakizigusi. Inawezekana kuandika makro inayopita folda nzima, inafungua kila hati, inaweka champ na kuhifadhi. Mwenye ofisi huipenda mara moja. Mimi humzuia kidogo. Makro hiyo inabadilisha tarehe ya kila faili, na baada ya hapo SAVEDATE ya hati zote ni siku moja. Ikikuta hati yenye neno la siri, inasimama na kusubiri mtu. Hati yenye sahihi ya kidijitali, sahihi inabatilika. Na wengi husahau kwamba hati moja ya Word inaweza kuwa na miguu mitatu katika kila sehemu: ya ukurasa wa kwanza, ya kurasa shufwa na ya zilizobaki. Makro inayogusa mmoja tu inaacha ukurasa wa kwanza mtupu, na huo ndio unaopigwa muhuri.

Ninachopendekeza ni polepole zaidi: makro ikae kwenye kiolezo kinachopakiwa Word inapowaka, isubiri tukio la DocumentBeforePrint, yaani pale mtu anapoagiza kuchapisha, ikague kama champ ipo, na kama haipo iiweke. Hati inayochapishwa leo inapata mstari leo. Isiyochapishwa tena inaachwa na tarehe yake. PDF hazihusiki kabisa, hizo zitengenezwe upya kutoka kwenye Word yake.