Utando Unaong'aa Kisimani: Kabla Hujaleta Chupa Ofisini

Tangu kazi ya bomba la mafuta ghafi ianze, meza yetu hapa Tanga haikosi chupa za maji. Juu ya maji kuna utando wa rangi za upinde wa mvua, na mwenye chupa, akidhani amegundua mafuta kwake, anauliza fidia ni kiasi gani. Tunashukuru kwa moyo huo. Ila mafuta ya Chongoleani, bomba linapoishia, yanatoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443 kutoka hapa. Tanga ni bandari yake, si kisima chake. Hili tumelisema mara nyingi.

Chukua kijiti, uguse utando. Ukivunjika vipande kama kigae na visiungane tena, hao ni bakteria wa chuma (vijidudu wanaotumia chuma kilichomo majini), si mafuta. Ukijikunja na kurudiana, huenda ni mafuta, na mara nyingi ni dizeli ya boti.

Hatusemi chini hakuna kitu. Tundaua, kule Pemba, mafuta huchuruzika yenyewe. Tangu Madagaska ijitenge na Afrika zama za Jura (enzi ya dinosaria), mito imerundika mashapo mazito, yaani mchanga na tope, baharini. Lakini ili mafuta yapatikane, lazima pawe na mwamba uliojaa mabaki ya viumbe, uliopikwa kwa nyuzi joto kama 60 hadi 120 (joto likizidi, ni gesi). Juu yake mwamba wenye vinyweleo vya kuhifadhi mafuta, kisha mfuniko wa mwamba usioyapitisha, na umbo la kuyanasa lililokuwepo kabla mafuta hayajasafiri. Watu hunionyesha mapango ya Amboni: "Mtaalamu, mashimo yote haya!" Chokaa ile iko wazi juani. Chungu hakina kifuniko. Songo Songo, kisiwa cha Kilwa, kifuniko kilikuwepo, gesi ikapatikana 1974, na bado ilichukua miaka 30 kuitumia.

Sasa utaratibu. Usiendelee kuchimba, usiwashe moto. Sampuli iwe kwenye chupa safi ya kioo, siyo iliyowahi kuwekwa mafuta ya taa kama ile ya juzi. Bandika karatasi yenye tarehe, saa, kijiji, kitongoji na kina cha kisima. Pitia kwa mtendaji wa kijiji, akuandikie barua, agonge muhuri. Barua isiyo na muhuri hurudishwa. Kwa Sheria ya Petroli ya 2015, petroli (yaani mafuta ghafi na gesi asilia) iliyo ardhini ni mali ya umma, hata shamba likiwa la babu yako. Kuitafuta au kuichimba bila leseni ni kosa, na adhabu yake ni faini, kifungo, au vyote viwili.

Chupa zisizo na karatasi zitamwagwa Ijumaa. Mwenye yake aje aichukue.