Saa ya mkononi haijui umechoka: dhana potofu kuhusu teknolojia na uchovu wa usonji

Uchovu wa usonji (autism) si ule wa kulala Jumamosi ukaamka mzima. Mwaka 2020 mtafiti Dora Raymaker na wenzake walichapisha utafiti uliojengwa juu ya maelezo ya watu wazima wenye usonji wenyewe. Walieleza kuishiwa nguvu kwa miezi 3 au zaidi, kupotewa na uwezo waliokuwa nao, na kushindwa kuvumilia kelele na mwanga waliouzoea. Aliyefika hapo mara nyingi huambiwa anunue saa janja na apakue programu. Ushauri si mbaya, ila umebeba dhana kadhaa zinazomzidishia mzigo.

Dhana: Saa janja inaonyesha nguvu ulizobakiza.

Saa inamulika ngozi, inafuatilia damu inavyopita, kisha inakokotoa mapigo ya moyo na nafasi kati ya pigo na pigo. Ile "nguvu 72" kwenye kioo ni makisio ya kanuni za mtengenezaji, na homa, pombe au usingizi mbovu huyayumbisha. Haijui kwamba ulikaa kikaoni saa 2 ukijilazimisha kutazamana na watu na kutabasamu kwa wakati. Mwili ulikuwa kitini, kwa hiyo huenda ikahesabu kwamba ulipumzika.

Hata hivyo nisingeitupa. Wengi wenye usonji hupata shida kusoma ishara za miili yao wenyewe. Njaa, kiu na wasiwasi vinawafikia kwa kuchelewa. Saa ikitetemeka kukujulisha kwamba moyo unakwenda mbio na wewe umekaa tu, hiyo ni habari. Angalia mwelekeo wa wiki nzima, namba ya leo iache. Na mkanda ukikuwasha, ivue: kifaa kinachokukera kutwa kinakula nguvu zile zile kinazodai kuzipima.

Dhana: Ukirekodi kila kitu, utajitambua.

Wazo la kuhesabu nguvu kama fedha, zinazoingia na zinazotoka, lilienezwa na Maja Toudal, mwanasaikolojia wa Denmark ambaye mwenyewe ana usonji, pamoja na mwanasaikolojia Tony Attwood. Ni wazo zuri. Programu ndizo huliharibu. Saa 3 usiku, umelala chali, taa imezimwa, simu inakuuliza: hisia zako leo ni ngapi kati ya 10? Unabaki na kidole hewani. 4 ni nini? Unaifunga. Baada ya siku tatu inakutumia ujumbe kwamba imekukosa, na sasa una deni jingine.

Maswali yanayojibika ni ya vitu: umekula? Taa zinakuumiza macho? Umeongea na watu wangapi? Rangi tatu kwenye skrini ya mwanzo, uguse moja kulingana na hali yako, zinatosha, au sauti ya sekunde 10 unayojirekodia mwenyewe. Siku ukishindwa, umeshindwa, basi.

Dhana: Vikumbusho vingi ndiyo msaada.

Kila kengele inakukatiza, halafu inakudai uamuzi: sasa au baadaye? Afadhali mambo yanayojiendea bila kukuuliza. Bili ijilipe yenyewe, arifa zijizime jioni, orodha ya manunuzi ijirudie kama ilivyokuwa wiki iliyopita.

Dhana: Skrini ndiyo inayochosha.

Inategemea. Kwa wengi, kuandika ni rahisi kuliko kuongea, na kutazama video ile ile kwa mara ya ishirini ni mapumziko kamili. Kundi lenye ujumbe 300 ambao haujasomwa ni habari nyingine.

Dhana: Hedifoni za kuzima kelele zinaleta ukimya.

Zinafanya kazi vizuri zaidi kwenye mngurumo mzito usiobadilika, kama wa feni au injini. Sauti za watu na mlio wa kijiko hupenya.

Dhana: Nguvu zikirudi, fidia yaliyolala.

Hapa ndipo wengi wanapoanguka tena. Siku njema moja inamalizwa kwa kufua, kujibu barua pepe na kutembelea ndugu, kisha zinafuata siku nne kitandani. Kalenda inasaidia hapa kuliko saa. Ukiandika miadi ya daktari Jumanne, funga na Jumatano papo hapo, siku nzima, bila kutaja sababu. Anayekutafutia nafasi ataona imeshajaa.