Askofu wa Kianglikana hateuliwi na Canterbury

Wengi Nairobi bado hudhani askofu wa Kianglikana huteuliwa na Askofu Mkuu wa Canterbury, huko Uingereza, kama Papa anavyoteua maaskofu wa Katoliki. Sivyo. Tangu 1970 Kenya ni jimbo la Kianglikana linalojitegemea, na Festo Olang' ndiye aliyekuwa Askofu Mkuu wake wa kwanza. Askofu hupigiwa kura na wajumbe, makasisi kwa walei (waumini wasio makasisi). Ila kura pekee haitoshi, na hapa ndipo watu huchanganyikiwa: mshindi hubaki kasisi hadi maaskofu wasiopungua 3 wamwekee mikono, yaani wamweke wakfu. Askofu akipanda cheo hawekwi wakfu tena. Jackson Ole Sapit, aliyekuwa tayari Askofu wa Kericho, alisimikwa tu kuwa Askofu Mkuu Julai 2016, katika Kanisa Kuu la Watakatifu Wote.