Sugu: ngozi inapochoka kusuguliwa

Neno sugu tunalitumia sana bila kulifikiria. Kuna ugonjwa sugu, kuna mdaiwa sugu, na siku hizi kila kituo cha afya kinaongelea usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Ila sugu unayoweza kuigusa ni ile iliyo kwenye ngozi: kibonge kigumu cha rangi ya manjano au kijivu chini ya vidole vya mkulima, pale mpini wa jembe unapokaa, au kwenye kisigino cha mtu aliyezoea kutembea peku. Ukilitazama neno lenyewe utaliona kuwa ni jirani wa karibu wa kitenzi sugua, na kwa kweli maelezo yote ya kitabibu yamo humo.

Tabaka la juu kabisa la ngozi ni seli zilizokufa, zilizojaa keratini, protini ileile inayojenga kucha na nywele. Seli mpya huzaliwa chini, hupanda taratibu kwa muda wa wiki nne hivi, kisha hupukutika. Nyingine unaziondoa mwenyewe kwa dodoki. Pakisuguliwa au kubanwa kila siku, seli hutengenezwa kwa kasi kuliko zinavyopukutika, zikarundikana. Msuguano mkali wa siku moja hautoi sugu, hutoa malengelenge. Aliyeshika jembe leo baada ya kukaa mjini miaka mitano anaijua tofauti hiyo vizuri.

Si lazima iwe mguuni au mkononi. Wengi wanaoswali kwa miaka mingi wana sijida, yaani alama ya kusujudu, kwenye paji la uso, na wapo walio na sugu kwenye kifundo cha mguu wa kushoto kwa sababu ya mkao wa tahiyatu, yaani kukalia mguu huo wakati wa swala. Mwanafunzi anayebana kalamu hupata yake pembeni mwa kidole.

Tatizo la Kiswahili hapa ni kwamba neno moja limebeba vitu viwili. Kuna sugu bapa: pana, mipaka yake haionekani vizuri, na kwa kawaida haiumi. Halafu kuna sugu yenye kiini. Hii ni ndogo kama punje ya mahindi au pungufu yake, ya mviringo, na katikati ina kiini kigumu chenye umbo la msumari uliogeuzwa ncha chini. Ukivaa kiatu kinausukuma msumari huo ndani ya nyama, na ndiyo maana kitu kidogo hivyo kinaweza kumfanya mtu mzima achechemee. Hupenda kuota juu ya vidole vilivyokunjika na pembeni mwa kidole cha mwisho. Ikiota katikati ya vidole, hasa kati ya cha nne na cha tano, jasho huilainisha ikawa nyeupe, na watu wengi huidhania fangasi, wakapaka dawa ya fangasi miezi mitatu bila mafanikio.

Kuna na chunjua ya unyayoni, ambayo husababishwa na virusi na hutibiwa tofauti. Jaribio rahisi: bonyeza kwa juu, kisha finya kutoka pembeni. Sugu yenye kiini huuma zaidi inapobonyezwa, chunjua huuma zaidi inapofinywa. Chunjua pia huwa na vidoadoa vyeusi, na mistari ya ngozi haipiti juu yake.

Sugu bapa isiyouma sioni sababu ya kuihangaikia. Mwaka 2019 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliowahusisha watu wa Kenya na Marekani, wenye viatu na wanaotembea peku. Waliozoea kutembea peku walikuwa na sugu nene zaidi nyayoni, lakini unene huo haukupunguza uwezo wa unyayo kuhisi ardhi. Soli ya bure, kwa maneno mengine, isiyokuziba usisikie unachokanyaga.

Inayouma ndiyo ya kutibiwa, na matibabu huanzia kwenye kiatu. Ukikwangua ngozi ukaacha kiatu kilekile, utakwangua tena mwezi ujao. Mchuchumio huhamishia uzito wote mbele na kuvibana vidole. Kiatu kinachopwaya nacho husugua kama kile kinachobana. Mtumba una kasoro yake, maana soli imeshalalia unyayo wa mtu mwingine. Nunua viatu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, na hakikisha mbele ya kidole kirefu inabaki nafasi ya upana wa dole gumba hivi.

Kisha loweka mguu kwenye maji ya uvuguvugu dakika kumi, usugue polepole kwa jiwe la kusugulia miguu, ukaushe na upake mafuta. Usitake kumaliza siku moja. Ukifika kwenye ngozi laini ya waridi umepitiliza. Krimu yenye yurea hulainisha vizuri zaidi ya mafuta ya kawaida. Famasi huuza pia plasta zenye asidi ya salisiliki, lakini asidi haichagui: ikigusa ngozi isiyo na sugu inaiunguza vilevile, kwa hiyo plasta ikatwe ilingane na sugu.

Wembe sikushauri, hata ule wa kijana anayepita na beseni lake akisugua miguu na kupaka rangi kucha. Kazi yake ni nzuri akiishia kwenye jiwe na brashi. Wembe uliopita kwenye miguu ya watu wengine unaweza kukuletea homa ya ini aina ya B, na kidonda kichafu cha mguuni kinaweza kuleta pepopunda.

Mwenye kisukari asijitibu kabisa: si jiwe, si plasta, si asidi. Kisukari huweza kuua hisia za miguu na kupunguza damu inayofika huko, na chini ya sugu nene kidonda kinaweza kuanza bila maumivu yoyote. Doa jeusi au jekundu ndani ya sugu huweza kuwa damu iliyovilia. Vivyo hivyo kwa aliyepoteza hisia za miguu kwa sababu ya ukoma. Hao waende kliniki, wapunguziwe na mtu aliyefunzwa kwa kifaa safi. Na wasiende na kandambili walizovalia njiani tu. Wabebe na kiatu cha kila siku, kwa sababu soli iliyolika upande mmoja humwonyesha daktari mahali mguu unapobanwa.