"Mwalimu, Naomba Kwenda Msalani": Dhana Potofu Kuhusu Wanafunzi Wenye Matatizo ya Tumbo

Alikuwa Gredi ya 5, safu ya tatu, na sweta yake aliifunga kiunoni hata zile asubuhi za Julai ambapo Nairobi nzima inatetemeka kwa baridi. Nilimaliza karibu muhula mzima kabla ya kuelewa sweta ile inaficha nini. Kila siku aliinua mkono: "Mwalimu, naomba kwenda msalani." Siku mbili nilimkatalia. Nimefundisha Eastlands miaka mingi, na hakuna jambo ninalojutia kama hilo. Tangu hapo nimeuliza madaktari, nimesoma, nimekaa na wazazi, na nimegundua kwamba mengi tunayoyasema kuhusu watoto hawa katika vyumba vya walimu si kweli.

"Anatoroka hesabu"

Hii ndiyo hutujia kwanza, kwa sababu mtoto huomba ruhusa saa zilezile kila siku: baada tu ya uji wa saa nne, au baada ya chakula cha mchana. Tunaiona ratiba hiyo na kusema ni ujanja. Lakini ratiba ni ya mwili. Chakula kikishuka tumboni, utumbo mpana hupata ishara ya kusukuma kilichomo ili kupisha kinachokuja. Wengi wetu hatuihisi. Kwa mtoto ambaye utumbo wake ni mwepesi kushtuka, ishara hiyo huja kama msokoto, na haisubiri kengele.

Yapo pia maumivu ambayo vipimo havioni chanzo chake. Damu imepimwa, choo kimepimwa, picha imepigwa, kote ni safi. Mzazi anaambiwa "hana kitu," na kuanzia siku hiyo mtoto anaitwa mwongo. Utumbo una mtandao wake wa neva unaowasiliana na ubongo wakati wote. Mtandao huo ukiwa mwepesi kupita kiasi, gesi ya kawaida huuma kama kisu, na hofu ya mtihani huzidisha. Tumbo linalouma Jumatatu asubuhi linauma kweli.

"Mtoto wa miaka kumi anayejichafua ni mchafu"

Hapa naomba mnivumilie, maana ndipo watoto wanapoumizwa zaidi.

Ukiona doa kwenye suruali ya mtoto mkubwa unadhani anahara, au hakufunzwa usafi. Mara nyingi ni kinyume: amefunga choo. Choo kigumu hujikusanya mwishoni mwa utumbo, nao hutanuka wiki baada ya wiki hadi unapoteza hisia ya kujaa. Kisha choo laini kinachotoka juu hupenya pembeni na kuvuja. Mwenyewe hajui. Wenzake hunusa kabla yake, na anapogeuka kuona wanacheka nini, tayari amechelewa. Ndipo sweta inapofungwa kiunoni.

Chanzo, mara nyingi, ni vyoo vyetu. Kiwango cha serikali ni choo kimoja kwa wasichana 25 na kimoja kwa wavulana 30. Siku moja wakati wa mapumziko nilikwenda kusimama kwenye vyoo vya wavulana. Mlango wa kwanza haukuwa na komeo. Wa pili ulishikiliwa na rafiki aliyesimama nje. Mfereji ulikuwa mkavu, na foleni ilifika ukutani. Mtoto mwenye aibu hawezi kujisaidia pale, kwa hiyo anajizuia hadi afike nyumbani. Anapojizuia, utumbo unazidi kunyonya maji na choo kinakauka. Kesho kinauma kutoka. Kesho kutwa anaogopa maumivu, anajizuia tena.

"Mpe papai na maji" ni ushauri mzuri wa kuzuia, lakini choo kilichokwisha kuwa kama jiwe hakiondoki kwa papai. Daktari huanza na dawa ya kukilainisha na kukiondoa, kisha dawa huendelea, mara nyingi kwa miezi, ili utumbo urudi katika umbo lake. Wazazi wengi huiacha baada ya wiki mbili wakihofia mtoto ataizoea, na tatizo linarudi. Pamoja na dawa, mtoto anahitaji kukaa chooni dakika tano hadi kumi baada ya kula, kila siku, bila kuharakishwa wala kukemewa. Viboko havitibu utumbo uliopoteza hisia.

"Tumbo likiuma ni taifodi, au minyoo"

Mitaani kwetu kila tumbo ni taifodi. Mtoto anapelekwa kliniki ya karibu, anatolewa damu ya Widal, anarudi na dawa za viuavijasumu. Muhula ujao vivyo hivyo. Kipimo cha Widal hutafuta kinga mwilini, si bakteria wenyewe, na kinaweza kuonyesha "ndiyo" kwa mtu aliyewahi kuugua zamani, aliyechanjwa, au mwenye ugonjwa mwingine kabisa. Kinachothibitisha taifodi ni kuotesha bakteria kutoka kwenye damu au choo. Ikiwa mwanao "ameugua taifodi" mara nne mwaka huu, omba uchunguzi mpya.

Na zipo dalili ambazo hazifai kusubiri wiki: damu kwenye choo, kupungua uzito au kutokua, maumivu yanayomwamsha usiku, homa isiyoisha, kutapika nyongo ya kijani. Magonjwa ya uvimbe wa utumbo, kama Crohn, yanawapata watoto Wakenya pia, na huchelewa kugunduliwa kwa sababu tunaendelea kutibu taifodi.

"Alsa huletwa na githeri, pilipili na mawazo"

Vidonda vya tumbo vingi husababishwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia ndio waliogundua uhusiano huo. Marshall alifikia hatua ya kumeza bakteria hao mwenyewe mwaka 1984, ukuta wa tumbo lake ukavimba kwa ndani, na mwaka 2005 wakatunukiwa Tuzo ya Nobel. Bakteria huyu hupimwa na kutibiwa. Githeri inaweza kumchokoza mwenye kidonda, lakini haikukichimba.

Chanzo kingine kikubwa ni dawa za maumivu kama aibuprofeni na daiklofenaki. Walimu na mametroni, nawasihi: msichana anayezimeza kila mwezi kwa maumivu ya hedhi, tena bila kula, aulizwe habari za tumbo lake.

"Ale kama wenzake, asidekezwe"

Baada ya utotoni Waafrika wengi hupungukiwa na kimeng'enya cha kumeng'enya sukari ya maziwa. Jamii za wafugaji haziathiriki sana kama wengine. Mtoto anayejaa gesi na kuhara baada ya chai ya maziwa hadeki. Mpe ya rangi.

Ugonjwa wa siliaki ni mkali zaidi. Hapa kinga ya mwili hushambulia utumbo kwa sababu ya gluteni, protini ya ngano na shayiri. Kipande kimoja cha mandazi kinamdhuru hata kama hakimlizi siku hiyo. Mahindi, mchele, wimbi, mtama na maharagwe hayana gluteni, kwa hiyo sahani ya wali na ndengu, kama zile za Dishi na County, mpango wa chakula shuleni wa Kaunti ya Nairobi, ambazo mzazi huchangia shilingi 5, ina mengi ya kumfaa. Hatari ipo kwenye unga wa uji uliosagwa katika mashine ileile ya ngano. Usimwondolee ngano kabla ya vipimo, maana vinaweza kusema hana ugonjwa ilhali anao.

"Shule haina bajeti ya mambo hayo"

Kadi ya ruhusa ya kudumu. Kiti karibu na mlango. Chupa ya maji mezani. Suruali ya akiba na tishu kwenye mfuko usioonyesha kilichomo, kabatini kwa mwalimu wa darasa. Walimu wote wanaomfundisha wajulishwe, darasa lisijulishwe. Hakuna hata moja linalohitaji kikao cha bodi. Na kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinakataza kumtendea mwanafunzi kwa kumdhalilisha, kimwili au kisaikolojia; kumlazimisha mtoto akae katika uchafu wake mbele ya wenzake ni kumdhalilisha.

Kadi ya yule kijana wa sweta ilikuwa ya kijani, kipande cha manila nilichokikata kwa makasi ya darasa. Aliiweka mezani, akatoka, akarudi, akaichukua, bila neno. Wiki za kwanza aliitumia mara tatu kwa siku, nami nilijizuia nisimtazame. Dawa zilianza kufanya kazi muhula wa pili. Agosti, asubuhi yenye manyunyu, niliingia darasani nikamkuta ameivaa sweta, mikono imevutwa hadi vidoleni.